Baada ya Siku ya Kupanda Miti, Nani Hubeba Ndoo?

Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Aprili, Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Upandaji Miti. Maturubai hufungwa, misafara ya viongozi huwasili, wanafunzi hupangwa mistari, fulana hugawiwa, na mgeni rasmi huonyeshwa shimo lililokwisha kuchimbwa na mche uliokwisha kuvuliwa kiriba ili asichafue mikono. Hotuba husomwa, idadi ya miche hutangazwa, picha hupigwa. Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbele zaidi: tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wote wapande miti, ikiwa ni sehemu ya azma ya kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032.

Sina ugomvi na sherehe hizo. Taifa lisilokuwa na siku ya kuikumbuka misitu yake litaisahau upesi zaidi. Swali langu linahusu siku inayofuata, yaani tarehe 2 Aprili, na miezi sita baada ya hapo, wakati maturubai yamekwisha kukunjwa na kazi yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Nani anabaki na miche ile? Anabaki nayo kwa makubaliano gani? Na jasho lake linaandikwa wapi?

Tufanye hesabu ndogo ya kufikirika. Asasi changa ya uhifadhi imepanda miche 1,000 kwenye mteremko uliokuwa umeungua. Masika yamekwisha, kiangazi kimeingia. Tuseme kila mche unahitaji lita 5 tu za maji kwa wiki, kwa wiki 16 za Juni hadi Septemba. Hizo ni lita 5,000 kwa wiki, sawa na ndoo 250 za lita 20. Kwa kiangazi chote ni ndoo 4,000. Mtu mmoja akibeba ndoo tano kila anapofika, panahitajika zamu 50 kila wiki, bila kukosa, hadi mvua za vuli. Hata asasi ikipanda mapema, mvua zinapoanza tu, ili iepuke mzigo huo wa maji, bado ipo palizi, ipo mifugo inayopita, na upo moto kichaa wa mwezi Septemba. Siku ya sherehe watu 200 walifanya kazi kwa saa mbili, wakaondoka. Hizo ndoo 4,000 zinabebwa na nani?

Ripoti za miradi hulijibu swali hili kwa sentensi moja fupi: "Wananchi walijitolea." Ukienda mahali penyewe, utakuta wananchi hao wana sura na majina. Mara nyingi ni wanawake wanaoishi karibu na chanzo cha maji, wazee wawili watatu wa kamati ya maliasili ya kijiji, na kijana aliyehitimu chuo miaka minne iliyopita, ambaye hana ajira na anatumaini kwamba siku moja asasi itapata mfadhili.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba asasi nyingi za uhifadhi hazikosi watu wenye moyo. Zinakosa uratibu wa haki. Na uratibu, pamoja na kwamba tumezoea kuuona kuwa kazi ndogo ya ofisini, ni jambo la kisiasa. Anayepanga nani afanye nini, lini, kwa manufaa ya nani, na nani aandikwe, anatumia mamlaka juu ya muda wa binadamu wenzake. Mtu anapojitolea ametoa muda wake kwa hiari. Hajatoa haki yake ya kujua, kuulizwa na kuamua. Akinyimwa hayo matatu, amegeuzwa kibarua asiyelipwa.

Kazi ya amri na kumbukumbu zake

Historia yetu inapaswa kututahadharisha. Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, hulisha Mto Ruvu, na Mto Ruvu ndio unaowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam. Watawala wa Kiingereza waliutambua umuhimu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Hofu yao kuhusu udongo haikuwa ya kubuni, kwani ulikuwa ukiporomoka kweli. Lakini kazi ile ilikuwa ya amri, watawala wa jadi waligeuzwa wasimamizi wake, na waliokaidi waliadhibiwa. Mahali pengine uchimbaji uliibua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakapungua, na mkulima akaona nguvu zake zikimwongezea njaa. Julai 1955 wananchi wa Matombo waliandamana, polisi wakaingilia kati, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata watu wa kuisikiliza milimani.

Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1948, wanawake wa Murang'a nchini Kenya walikuwa wamekwisha kugomea kazi ya aina hiyohiyo. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta ujira mijini na kwenye mashamba ya walowezi, kwa hiyo mzigo wa kuchimba matuta uliwaelemea wao, juu ya mizigo mingine waliyokuwa nayo. Tukiuliza leo nani hubeba ndoo, tunauliza swali ambalo wanawake wale waliliuliza kabla yetu.

Nusu karne baada ya Matombo, kwenye milima hiyohiyo ya Uluguru, lilitokea jambo linalofaa kutafakariwa. Katika Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji wa maji walio mbali, wakiwamo DAWASCO iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima waliokubali kupanda miti na kuchimba matuta katika mashamba yao. Sidai kwamba mpango huo ulimaliza matatizo ya Uluguru. Lakini tazama: kazi ambayo babu aliikataa hata damu ikamwagika, mjukuu aliikubali alipoulizwa, alipoelezwa faida, na pale gharama yake ilipotambuliwa na yule anayefaidi maji bondeni. Jembe halikubadilika. Yalibadilika makubaliano.

Wapo watakaosema kwamba sisi Waafrika tulikuwa na moyo wa kufanya kazi pamoja bila kulipana, na kwamba fedha za wafadhili ndizo zilizouharibu. Watataja msaragambo wa Wapare na Wasambaa. Nakubali kwamba msaragambo ni urithi wa thamani. Ila tusiusimulie nusu. Fikiria ndiva za Upare, yale mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba. Wanaozitumia ndio wanaozizibua na kuzikarabati. Kila mmoja anajua mfereji unapita shamba la nani, zamu ya maji ni ya nani, na asiyefika kazini anakabiliwa na faini au kukosa maji. Mtu alitoa nguvu zake kwa sababu aliona kwa macho yake kilichorudi, na kwa sababu sheria ilimbana jirani yake kama ilivyombana yeye. Msaragambo ulikuwa na uratibu mkali kuliko wa asasi nyingi za leo zenye kompyuta na magari. Anayetaka kuurudisha "moyo wa zamani" arudishe kwanza taratibu zake.

Kinachohesabiwa ndicho kinachotunzwa

Wangari Maathai alilielewa jambo hili mapema. Alipoanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, hakuwategemea maofisa misitu peke yao. Aliwaendea wanawake wa vijijini, wengi wao wasio na elimu ya darasani, wakajifunza kuotesha mbegu wenyewe. Kisha akaweka utaratibu ambao kwangu mimi una uzito sawa na hotuba zake zote: kikundi kililipwa kiasi kidogo cha fedha, senti nne za dola hapo mwanzo, kwa kila mche ulioota na kuendelea kuishi. Mche uliokufa haukulipiwa.

Tuutazame utaratibu huo kwa makini, maana umebeba mambo kadhaa. Kwanza, kilichohesabiwa ni uhai wa mti, si tukio la kupanda. Pili, wanawake wenyewe ndio waliokwenda kuhesabu na kuandika taarifa, wakawa na ushahidi mikononi mwao. Tatu, malipo yale hayakutosha kuitwa mshahara, lakini yalitosha kumwambia mwanamke kwamba alichofanya kimeonekana. Katika mikutano ya kukagua miche watu walianza pia kuuliza kwa nini msitu wa umma unagawiwa, na kwa nini kiongozi fulani ana ardhi kuliko kijiji kizima. Hatimaye watu hao ndio walioitetea bustani ya Uhuru jijini Nairobi mwaka 1989, na msitu wa Karura miaka kumi baadaye. Dunia ilipompa Maathai Tuzo ya Amani ya Nobeli mwaka 2004, wengi walishangaa miti inahusiana vipi na amani. Walioshika daftari za vitalu hawakushangaa.

Mfano wa pili uko pwani, katika Kaunti ya Kwale. Wakazi wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, waliunda mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu huo. Mapato hurudi kijijini, na wanakijiji hukutana kuamua yaende wapi: mabomba ya maji, shule, na mahitaji mengine ya jamii. Anayeingia kwenye tope kupanda miche anajua kwamba mfereji wa maji anaokinga ndoo yake unatokana na tope hilo. Biashara ya hewa ukaa ina maswali yake mazito, na siku moja tutayajadili hapa kwa kirefu. Ninachokitaja leo ni kile kikao cha kijiji. Bila kikao hicho, Gazi ingekuwa kituo kingine tu cha wageni kupigia picha.

Kazi ya mratibu

Sasa tutoke kwenye mifano mikubwa, tuje kwenye asasi ya kawaida: ina kitalu kimoja, pikipiki moja mbovu, na orodha ya watu 60 waliosema wapo tayari kusaidia. Ikipata mratibu anayejua kazi yake, itafika mbali. Isipompata, baada ya mwaka mmoja watu 60 watakuwa 9, na hao tisa watakuwa wamechoka na kukasirika. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Mratibu ndiye nyenzo, na kazi yake ina sehemu ambazo wengi wetu hatuzioni.

Ya kwanza ni kusoma majira ya watu. Mvua zinazofaa kupanda miche ya msitu ndizo zinazofaa kupanda mahindi. Siku ambayo asasi inamwita mkulima kwenye mteremko wa hifadhi ndiyo siku ambayo shamba lake linamhitaji kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Mwanafunzi wa chuo ana mitihani, mtumishi wa umma ana Jumamosi tu, mvuvi anafuata bamvua na maji mafu. Mratibu mzuri hugawa kazi kwa kufuata tofauti hizo: wanafunzi wajaze viriba wakati wa likizo, mkulima aje kupalilia baada ya mavuno, mtumishi aandike ripoti na barua za halmashauri. Mratibu mbaya hutangaza tarehe moja kwa wote, kisha hulalamika kwamba wananchi hawana mwamko.

Ya pili ni maarifa. Nia njema ikiwa na jembe mkononi inaweza kuharibu. Mikaratusi imepandwa kando ya vyanzo vya maji na watu waliotaka kuviokoa vyanzo hivyo. Miche ya mkoko imechomekwa kwenye tope la mbali baharini, mahali ambapo mawimbi na maji marefu huimaliza, kwa sababu tu palikuwa wazi na rahisi kufikika. Wenyeji wanaojua mlilana unaota wapi, mchu unastahimili chumvi kiasi gani, na mkandaa unakaa upande gani wa mkondo, hawakuulizwa. Mratibu lazima ajue nani ana maarifa gani, na amweke mbele mwenye nayo hata kama hana cheti.

Ya tatu ni usalama. Tunawapeleka watu porini na mapanga, tunawapeleka kuzima moto na matawi, tunawapeleka baharini maji yakiwa yanajaa. Nani ana viatu? Sanduku la huduma ya kwanza liko wapi? Akiumwa na nyoka, gari la kumfikisha hospitali ni la nani, na bili italipwa na nani? Asasi isiyokuwa na jibu la maswali haya kabla ya kuondoka haijawa tayari kupokea msaada wa mtu yeyote.

Ya nne ni daftari. Nalisemea hili kwa msisitizo, kwa sababu ndilo hudharauliwa kuliko yote. Daftari la mahudhurio lenye jina, tarehe, saa za kazi na kazi iliyofanyika ni waraka wa haki. Linamwezesha kijana kudai barua ya uthibitisho yenye ukweli ndani yake. Linaonyesha kama wanawake wamefanya theluthi mbili ya saa zote na kupata nafasi moja kati ya tisa kwenye kamati. Linaiwezesha asasi kumwambia mfadhili: mchango wa jamii katika mradi huu ni saa kadhaa, na huu hapa ushahidi. Safu ya mwisho ya daftari hilo iwe ni miche iliyo hai baada ya miezi 12.

Ya tano ni kurudisha taarifa. Watu wengi hawaachi kujitolea kwa sababu ya uchovu. Huacha siku wanapogundua kwamba asasi ilipata fedha na wao hawakuambiwa, au kwamba picha yao imepamba kalenda ya mwaka na hakuna aliyewaletea hata nakala. Mkutano mmoja kila baada ya miezi mitatu, wa kueleza kilichoingia, kilichotoka, kilichokufa na kilichopona, una nguvu kuliko semina kumi za uhamasishaji.

Kijana anayejitolea kwa kukosa la kufanya

Tusiogope kulizungumzia jambo ambalo kila mwanafunzi anayesoma hapa analijua. Katika nchi yetu neno kujitolea limepata maana mpya. Wahitimu hujitolea kufundisha shuleni, hujitolea kwenye zahanati, hujitolea kwenye ofisi za umma na za asasi, wakifika saa moja na nusu asubuhi na kuondoka jioni, kwa matumaini kwamba nafasi ikitokea watakumbukwa. Huo ni utoaji wa nguvu kazi chini ya shinikizo la ukosefu wa ajira, hata kama barua ya utambulisho inauita jina jingine.

Sheria yetu haiko kimya. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, pale linapokuwapo mojawapo ya mambo kadhaa: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinadhibitiwa na mwingine, kwamba anamtegemea huyo kiuchumi, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyotangulia. Kiongozi wa asasi anayemweka kijana kitaluni siku sita kwa wiki kwa mwaka mzima, bila mkataba wala nauli, akisome kifungu hicho kabla hajasomewa na mtu mwingine.

Nasema haya nikijua kwamba kujitolea kwa kweli kupo, na ni miongoni mwa mambo yanayolifanya taifa liwe zaidi ya soko. Jane Goodall alipoanzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam mwaka 1991, alianza na wanafunzi 12 waliotaka kufanya jambo kwa ajili ya wanyama, watu na mazingira ya maeneo yao. Klabu za Malihai zilikuwa zimekwisha kuanzishwa tangu mwaka 1980. Watanzania wengi walio leo katika hifadhi, vyuo na wizara walianzia kwenye klabu kama hizo, wakiwa na umri wa miaka 14, bila posho yoyote. Lakini mwanafunzi yule alikuwa na pa kulala na pa kula, alitoa saa mbili za Jumamosi, na aliweza kuacha wakati wowote. Kipimo cha kujitolea ni uwezo wa kukataa bila kuumia. Asiyeweza kukataa hajajitolea.

Hoja ya posho

Najua pingamizi litakalokuja: ukianza kulipa, umeua moyo. Viongozi wa asasi wanasimulia mikutano iliyovunjika kwa sababu bahasha hazikuonekana, na vijiji ambavyo baada ya mradi mmoja wenye fedha nyingi havikutaka tena kufanya lolote bure. Masimulizi hayo ni ya kweli, na wanaoyasimulia wana haki ya kukata tamaa.

Hata hivyo, tumechanganya vitu vitatu chini ya neno moja, posho. Kipo kitu cha kwanza, kumrudishia mtu gharama: nauli, chakula cha mchana, vocha ya simu aliyoitumia kuwaita wenzake. Hiyo si zawadi wala malipo, ni deni. Kipo cha pili, ujira wa kazi inayodai muda mwingi na uwajibikaji wa kudumu, kama ulinzi wa kitalu usiku. Kazi hiyo ilipwe kwa mkataba, iache kuitwa kujitolea. Na kipo cha tatu, bahasha ya kumshawishi mtu aketi mkutanoni asikilize hotuba. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoua moyo, na haikuanzishwa na wanakijiji. Ilitoka kwenye warsha za mahotelini tulizozihudhuria sisi wasomi, maofisa na wanaharakati. Mwanakijiji alijifunza kwetu. Hatuwezi kupokea posho ya kikao asubuhi kisha mchana tukamhubiria mama aliyeacha shamba lake juu ya uzalendo wa kufanya kazi bila malipo.

Pingamizi la pili ni kwamba asasi ndogo hazina fedha za kumwajiri mratibu. Ni kweli, na sababu mojawapo ni kwamba wafadhili wengi hupenda kulipia miche na kuchukia kulipia watu. Mche hupigwa picha, daftari halipigwi. Basi asasi ipande miche 300 inayoweza kutunzwa badala ya 1,000 itakayokauka, na tofauti ya gharama iende kwa mtu mmoja atakayeshika daftari, kupanga zamu na kuitisha mikutano. Mfadhili atakayekataa hesabu hiyo ameonyesha kwamba anatafuta idadi ya kuandika kwenye ripoti yake.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi: jitoleeni, lakini ulizeni kwanza. Ulizeni kazi ni ipi, itachukua saa ngapi, nani atawaelekeza, gharama zenu zitarudishwaje, na mtapewa uthibitisho gani. Asasi inayokasirishwa na maswali hayo imejitambulisha. Mkifika kijijini, mfike kwa unyenyekevu: aliyezaliwa kando ya msitu ndiye mwalimu wenu, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kwa wanaharakati: tunaidai serikali uwazi kila siku, na ni vyema. Uwazi huo uanzie kwenye daftari zetu. Kila asasi iweke hadharani, ofisini kwa mtendaji wa kijiji na kwa lugha inayosomeka, saa zilizotolewa na wanaojitolea, fedha zilizoingia kwa jina lao, na idadi ya miti iliyo hai. Kamati iwe na wawakilishi waliochaguliwa na wanaojitolea wenyewe, wenye kura, wanawake wakiwamo kwa kadiri ya saa wanazofanya.

Kwa watumishi wa umma: nyinyi ndio mnaoandika hotuba za mgeni rasmi na kujaza fomu za taarifa za wilaya. Ongezeni safu moja kwenye fomu hiyo, safu ya miche iliyopona. Sheria ya Misitu ya 2002 imefungua mlango kwa vijiji kumiliki misitu na kushiriki kuisimamia misitu ya serikali. Pale ambapo kijiji kinalinda msitu wa vyanzo vya maji ambao hauruhusiwi kuvunwa, na kwa hiyo hakina mapato ya kugawana, kusifiwa kwenye hotuba hakutoshi. Bajeti ya halmashauri itambue doria, njia za kuzuia moto na mratibu wa kijiji kuwa ni gharama za maji, kama inavyotambua mabomba. Na agizo likitoka juu la kuwaleta wanafunzi na wananchi uwanjani, msiliandike kwenye taarifa kuwa ni kujitolea. Liandikeni jina lake.

Aprili ijayo maturubai yatafungwa tena. Nawaomba wasomaji wangu watakaokuwapo, kabla ya mche wa kwanza kutiwa shimoni, wanyooshe mkono na kuomba mambo mawili yasomwe mbele ya watu: idadi ya miti ya mwaka jana ambayo bado iko hai, na majina ya walioitunza. Kama majina hayo yapo, yasomwe yote, hata kama hotuba itachelewa. Kama hayapo, basi fedha za fulana za mwaka huu zinunue daftari na kalamu, na atafutwe mtu wa kulipwa aanze kuyaandika.